Mkono Wenye Miaka Sabini na Nne

Jumatatu, 17 Machi

Kitabu kimefika! Kitabu cha binti yangu Wiepke! Kurasa mia moja tisini na mbili, na jina letu jaladani, Wolthuis, kwa herufi kubwa kama jina la meli. Alhamisi tarehe 3 Aprili, saa tano asubuhi, atasimama chuoni mjini Groningen mbele ya maprofesa. Watamhoji dakika arobaini na tano, hakuna ya ziada, na akitoka pale ni daktari, wa shahada, si wa sindano. Mtoto wa mpishi wa kantini na wa mfanyakazi mstaafu wa kiwanda cha sukari!

Nimekisoma. Yaani, nimesoma ukurasa wa shukrani mara nne, na picha zote.

Kinahusu ukoko. Miaka mitano mwanangu amechunguza ukoko! Mimi shule yangu ilikuwa ya kupika na kushona, miaka mitatu tu, lakini hili nimelishika. Nyama ikikutana na moto mkali, mkavu, sukari na protini zinang'ang'aniana, zinageuka kahawia, zinanukia. Sehemu tamu kuliko zote. Sasa Wiepke anasema vitu hivyo hivyo vinajijenga na ndani yetu, polepole, kwa chakula na kwa sukari ya damu, vinakakamaza mishipa, vinachosha figo, vinasumbua moyo. Anasema bado wanabishana ni kiasi gani hasa kinatoka kwenye kikaango. Mimi nasema wakibishana, maana yake kikaango hakijahukumiwa.

Harm alikishika kitabu, akakipima uzito mkononi, akasema si haba. Kwa mume wangu hiyo ni hotuba. Siku ya harusi yetu alisema hivyo hivyo.

Na mimi ni mpambe! Kila mtahiniwa husimama na wapambe wawili nyuma yake, wamevaa nyeusi. Wengine huchagua marafiki. Wiepke amemchagua mwenzake wa maabara, na mama yake. Zamani, ameniambia, mtahiniwa akizidiwa mpambe alimjibia. Nimeanza kujiandaa.

Nikavuka barabara kumweleza Trijntje Bolhuis. Jirani yangu wa miaka thelathini, na mwanawe ni daktari wa meno, jambo ambalo sijapata wiki hata moja ya kulisahau. Nikamwambia wa kwake anachungulia midomo, wa kwangu anachungulia maisha. Akanipa kahawa na biskuti moja, akafunga kopo.

Baadaye. Nimekasirika. Siandiki kitu.

Naandika. Ndani ya kila kitabu kuna karatasi imechomekwa, ina hoja kumi na moja ambazo mtahiniwa yuko tayari kuzitetea. Kumi za kisayansi, ya mwisho ya utani. Ndiyo desturi ya vyuo vya Uholanzi. Basi nikaikimbilia ya mwisho, ile ya chini kabisa ya ukurasa. Inasema hivi: "Mama yangu ana miaka sitini na mitatu, mkono wake una sabini na nne."

Sikutaka kuona zaidi. Nikaikunja nikaitupa kwenye pipa la karatasi.

Ni ile mashine! Vuli iliyopita alikuja nayo hapa nyumbani, kisanduku cha kuwekea mkono. Kinamulika ngozi, kinasoma ukoko uliojikusanya humo. Mimi: mkono wa bibi wa miaka sabini na nne. Trijntje, aliyekuja tu kunywa kahawa, ana sitini na sita: mkono wa miaka hamsini na tisa! Mwanamke anayechemsha kila kitu, hata furaha yake. Alitembea na mkono ule wiki nzima kama bendera.

Na sasa limechapishwa. Nakala mia moja na hamsini. Litasomwa na kijiji kizima.

Alhamisi, 20 Machi

Mbinu imepatikana. Wiepke ameniachia vitabu thelathini nivigawe kijijini. Karatasi haikushonwa, imechomekwa tu. Kilichochomekwa kinachomoka.

Nilizichomoa zote thelathini nikiwa natengeneza kababu za Jumatano, kwa hiyo sasa kila jalada lina alama ya kidole changu kwa siagi. Harm akauliza nafanya nini. Nikasema naondoa vumbi. Karatasi nimezificha ndani ya sufuria kubwa ya sherehe, juu ya kabati, ambako hakuna mtu anayefika.

Leo nimegawa. Mchungaji, mwalimu, mwenye duka la baiskeli. Wote wamesifu jalada. Kisha Trijntje. Hakufungua hata ukurasa wa kwanza! Alikishika kitabu kichwa chini miguu juu, akakitikisa kama mtu anayetafuta noti. Akauliza hoja ziko wapi. Akasema watu wa kawaida kama sisi tunasoma karatasi hiyo tu, maana ndiyo pekee tunayoielewa, na mwanawe alipotahiniwa zilikuwa tisa na ile ya mwisho ilichekesha hadi askofu.

Nikasema mwaka huu chuo kinabana matumizi ya karatasi.

Akatazama kurasa mia moja tisini na mbili mkononi mwake. Akasema anaona.

Jumamosi, 22 Machi

Silali vizuri. Thelathini nimezidhibiti, mia moja na ishirini ziko huko duniani.

Lakini mama haishiwi mbinu. Nimefikiri hivi: hoja ni lazima iwe kweli. Mkono wangu ukishuka hadi miaka sitini, hoja ya kumi na moja inakuwa uongo, na Wiepke tangu utotoni hawezi uongo. Aliwahi kumrudia mwenye duka kwa sababu ya peremende moja iliyozidi. Ataifuta mwenyewe.

Kwa hiyo: kuchemsha. Siku kumi na tatu. Hakuna kikaango, hakuna oveni. Nimekifunga kikaango kwenye taulo nikakiweka chini ya kitanda ili nisikione.

Jana, viazi vya kuchemsha, koliflawa ya kuchemsha, kuku wa kuchemsha. Sahani nyeupe, chakula cheupe, uso wa Harm mweupe. Aliuliza kama kuna mgonjwa. Nikasema hapana, ni afya. Akala. Akashukuru. Mtu mwema yule. Halafu akasema anakwenda kupima upepo kwa baiskeli.

Akapima upepo saa mbili nzima. Aliporudi nikamnusa shingoni. Samaki wa kukaanga! Yule wa gari la sokoni! Na mchuzi wa vitunguu saumu! Nimekaa na mwanamume huyu miaka arobaini bila kuona wivu hata mara moja, na jana niliuona. Nikamwuliza: samaki alikuwa na ganda lenye kuvunjika? Akainamisha kichwa. Akasema ndiyo, Geesje. Lilikuwa linavunjika.



Jumanne, 25 Machi

Ugunduzi! Ukurasa wa themanini na nane, kwenye picha. Nyama ikilowekwa kwenye siki au maji ya limau kabla ya moto, ukoko wake unapungua sana, karibu nusu. Mwanangu kalithibitisha kwa mashine. Mama yangu mzazi alilowesha nyama kwenye siki bila mashine yoyote, lakini tuache hayo.

Nikajiuliza: kama inafaa kwa nyama, mimi ni nini? Mimi nami ni nyama.

Beseni, chupa mbili za siki, mkono hadi kwenye kiwiko. Nusu saa. Inawasha kidogo pale nilipochubuka. Nikawa nimeketi hivyo, nimetulia, nasikiliza redio, mlango wa nyuma ukafunguliwa. Trijntje. Miaka thelathini haijamfundisha kubisha.

Alilitazama beseni. Akautazama mkono. Nikasema ni kwa ajili ya kiwiko, kinauma. Akasema pole. Akakaribia, akanusa. Akasema angekuwa yeye angeongeza karafuu mbili na punje tano za pilipili manga.

Ijumaa, 28 Machi

Wiepke amekuja! Amekonda. Nimemchemshia supu, akashangaa, akaniangalia kama anayetafuta aliko mama yake halisi. Amekuja na ile mashine, wataiweka mezani kwenye tafrija baada ya mtihani, wageni wajaribu mikono yao.

Nikapiga miayo. Nikasema, kama mtu asiyejali, ebu nipime nione kama bado inafanya kazi.

Sabini na nne.

Sabini na nne ile ile! Siku saba za koliflawa! Siki chupa mbili!

Nikamwambia mashine yake mbovu. Akacheka, akasema: "Mama, ngozi si ubao wa shule ufutwe kwa kitambaa." Ukoko wa ngozini hujengeka kwa miaka, akasema, kama mistari ya ndani ya mti. Wiki moja haiufuti. Lakini mti ungali unaota, kwa hiyo kuanza leo si kazi bure. Kuchemsha zaidi, kupika kwa mvuke, moto mdogo, siki. Na kwenda kupima sukari, jambo ambalo ananiomba tangu vuli.

Nikasema nitakwenda. Nilisema hivyo hata vuli.

Hakuuondoa mkono wake juu ya wangu. Akamtaja marehemu dada yangu Aaltje. Hatumtaji mara nyingi. Sukari, kisha macho, kisha mguu, kisha figo: mara tatu kwa wiki kwenye ile mashine ya kusafisha damu, na Wiepke, kasichana ka miaka kumi na mitatu, ndiye aliyempeleka kwa kusukuma kiti cha magurudumu. Akaniambia hakuna kitabu bila shangazi Aaltje. Akaniambia amepima mikono mia tatu na kumi ya watu asiowajua na hakuogopa hata mmoja. Wangu aliupima mara mbili, vuli ile. Mara ya pili nilipokuwa nasinzia kwenye kiti.

Nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Alipokuwa anavaa koti akasema, kwa kupita tu, siku ya tafrija watu wasijipake krimu ya jua mkononi, maana inaivuruga mashine kabisa.

Asante, mwanangu.

Jumapili, 30 Machi

Krimu ya jua mwezi Machi, hapa kwetu, na mvua isiyokatika! Jana msichana wa dukani aliitoa nyuma kabisa, akaifuta vumbi, akauliza tunakwenda wapi. Ilibidi niseme kitu. Nikasema Uhispania.

Leo kanisani mchungaji ametutakia safari njema mbele ya watu. Mwenye duka la baiskeli amemwambia Harm ajihadhari na jua la kule, ana upara. Trijntje amejitolea kumwagilia maua yetu. Harm amemshukuru kila mmoja. Tukiwa njiani akaniuliza, kwa upole, tunaondoka lini, maana angependa kujua kama asafishe mabomba ya mvua kabla au baada.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekaa. Viatu nimevua. Naandika yote kabla sijasahau hata neno.

Asubuhi nilijipaka krimu tabaka tatu. Suti nyeusi juu. Mkono mzima unateleza ndani ya shati kama samaki ndani ya gazeti. Ukumbi mkubwa, picha za maprofesa waliokufa ukutani, na walio hai wanaingia kwa mstari, majoho na kofia, mbele yao mzee wa chuo mwenye fimbo ndefu ya fedha. Mimi kulia kwa mwanangu, nyuma kidogo. Mgongo wake ulikuwa umenyooka! Niliuzaa mimi mgongo ule.

Aliwajibu wote. Mmoja alitaka kumbana kwamba labda ni sukari ya damu tu, chakula hakihusiki sana. Akamjibu kwa takwimu, kwa utulivu, akakubali pale pa kukubali. Mimi nilikuwa nimeshika meza. Ningeombwa kumjibia, nilikuwa tayari na ukurasa wa themanini na nane.

Kisha profesa wa mwisho, mwenye ndevu, kutoka chuo cha Maastricht. Akasema amevutiwa na hoja ya kumi na moja. Anaomba mpambe aisome kwa sauti. Nikamgeukia yule mwenzake wa maabara kwa tabasamu, kumpa moyo.

Profesa akasema: "Mpambe wa kulia, tafadhali."

Mimi sikuwa na karatasi. Mtu aliyechomoa thelathini hana hata moja! Mwenzangu akanipa yake, nikaipokea kwa mkono wa krimu, ikateleza, ikaanguka, nikainama, nikaiokota, kila mtu anatazama. Trijntje safu ya tatu, mkoba magotini, shingo ndefu.

Nikasoma. Ningefanya nini? "Mama yangu ana miaka sitini na mitatu, mkono wake una sabini na nne."

Ukumbi ukacheka. Watu mia moja. Cheko la heshima, lakini cheko. Nikaishusha karatasi. Masikio yalikuwa yanachemka kuliko chochote nilichochemsha wiki hizi mbili.

Wiepke hakugeuka. Alisema kidogo tu, pembeni ya mdomo: "Geuza, mama."

Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na mistari miwili. Nikasoma hiyo nayo, kwa sauti, maana nilikuwa nimeanza: "Kurasa zote za kitabu hiki zimeandikwa ili mkono huo ufike tisini, na mwenyewe akiwa nao."

Hakuna aliyecheka. Profesa akavua kofia, akaivaa tena. Akamwomba mtahiniwa aitetee hoja yake. Atawezaje kuthibitisha?

Na Wiepke, ambaye alikuwa amewajibu wote, alifungua mdomo akaufunga. Nikaona ule mgongo unatikisika.

Kwa hiyo nikamjibia. Ndiyo kazi ya mpambe! Nikasema Mheshimiwa Profesa, utafika. Mwenye mkono namfahamu vizuri, ni mbishi sana, amelishwa koliflawa siku kumi na tatu na bado amesimama.

Hapo fimbo ikapigwa chini, yule mzee akatamka Kilatini chake: "Hora est!" Muda umekwisha. Mtihani huko Groningen huwa unakatwa hata katikati ya neno. Asante Mungu, neno la mwisho lilikuwa langu.

Tafrija. Trijntje aliweka mkono kwenye mashine wa kwanza: sitini. Kapanda mwaka mmoja! Mimi nilitabasamu tu. Kisha wangu. Mashine ikamulika, ikafikiri, ikaandika kwamba mkono huu hausomeki. Wiepke akaunusa. Akavuta kitambaa, akanifuta polepole kuanzia kiwiko hadi kidole, huku mabega yanamruka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili. Akasema: "Mama, unanuka likizo."

Daktari Wolthuis. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza akiwa daktari.

Harm alisimama mbele yake na glasi. Alimtazama muda mrefu. Akasema si haba. Akaongeza: si haba hata kidogo. Sijawahi kumsikia akiropoka hivyo.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeamka mapema nikaishusha sufuria ya sherehe. Karatasi thelathini zote zipo. Nimezigawa mwenyewe, nyumba kwa nyumba, mvuani, na kila mlango nimewaambia waigeuze. Nyuma, nyuma, soma nyuma! Mchungaji nimemsomea mwenyewe asije akakosea mkazo. Wengine wana watoto madaktari. Ni nani mwingine ana mkono wake ndani ya maktaba ya chuo kikuu?

Trijntje alisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma. Akavua miwani. Akasema mwanawe hakuwahi kuandika kitu kama hicho. Akafungua kopo la biskuti akaliacha wazi. Nikala tatu. Nampenda Trijntje. Nimemwambia Uhispania tumeahirisha.

Nimempigia Wiepke. Nimemwahidi, na safari hii ni ahadi ya kweli: Jumatatu naenda kupima sukari, Harm ndiye atakayenipeleka ili nisipotee njia. Na moto mdogo, na mvuke. Maisha mapya. Nilikuwa na machozi nilipokuwa nasema.

Kuanzia Jumatatu, nimesema. Maana kabla ya Jumatatu kuna Jumapili, na daktari wa kwanza katika ukoo wa Wolthuis hawezi kupongezwa kwa koliflawa. Nimekitoa kikaango chini ya kitanda. Kilikuwa kimepoa, maskini, nikakipangusa. Kababu themanini. Siagi kilo mbili. Nitaziloweka kwanza kwenye maji ya limau, ukurasa wa themanini na nane, kwa hiyo ni kama nusu tu, na nusu ya themanini ni arobaini, na arobaini kwa kijiji kizima ni kama hakuna mtu aliyekula kitu. Nitazikaanga kwenye banda la baiskeli ili Wiepke asisikie harufu. Harm atasimama mlangoni kuelekeza upepo, ana uzoefu. Zitakuwa na ganda lenye kuvunjika. Nimemwambia. Amekaa chini.

Na kama Wiepke atakuja na mashine yake, Trijntje amekubali kukaa karibu yangu sana, shali moja juu ya mabega yetu wawili, na kuutoa mkono wake wakati utakapoitwa wangu.

Jumapili, tarehe 6 Aprili, saa nane mchana. Wote waje. Waje na njaa.